Dakika za Mheshimiwa

Wavinya hakuwa mtu wa siasa. Hilo lijulikane mapema, maana siku hizi ukitaja jina lake pale Gatongora utaambiwa anatafuta kiti cha wadi. Hatafuti kiti. Ana chake tayari, kile cha plastiki nyuma ya kompyuta katika duka lake la kuchapisha, na kimemtosha miaka kumi na mmoja.

Duka hutoa picha za pasipoti, fomu za serikali na kadi za harusi, lakini ugali wenyewe hutoka kwa wafu. Wavinya hutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya karatasi ya kung'aa vyenye picha ya marehemu mbele, ratiba ya siku ndani, na wasifu wake, eulogy kama tunavyoiita, kurasa za katikati. Familia humtumia kila kitu kwa WhatsApp. Yeye humkata marehemu kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, humfuta jasho usoni, hunyoosha sentensi za wajukuu, na kesho yake asubuhi vijitabu mia tatu viko tayari kwenye katoni. Hakuna anayezikwa kuanzia Ruiru hadi ng'ambo ya Thika bila Wavinya kujua mapema.

Kazi ikipungua aliandika barua. Iliitwa Chai ya Saa Kumi, barua ya mtandaoni iliyoingia kwenye imeli za watu kila Jumapili saa kumi alasiri. Ndani hamkuwa na mambo makubwa. Aliandika juu ya mpangaji wa ghorofa ya juu anayefua mazulia siku ambayo maji yamepotea kwa wengine wote, juu ya muthokoi, ule wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, uliolala na namna unavyozidi utamu, na zaidi ya yote aliandika juu ya mama yake, Kanini. Wasomaji walikuwa elfu moja na mia tatu, wengi wanawake wa rika lake, wengine wako Doha kwa kazi za nyumbani, wanasoma huku wakijipangusa macho kwa aproni za waajiri.

Kanini aliwalea watoto wanne katika chumba kimoja Kiandutu kwa kuuza sukuma wiki na nyanya. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita, katika darasa la gumbaru kanisani, na kitu cha kwanza kusoma kwa sauti kilikuwa pakiti ya unga. Baada ya hapo hakunyamaza. Alisoma mabango, maandishi ya chupa za dawa, hata kalenda ya mwaka uliopita. Alipozeeka alihamia kwenye robo ekari yake mashariki ya Thika, na figo zilipoanza kumshinda alimwita Wavinya kando ya kitanda.

"Siku hiyo eulogy usome wewe. Usimpe mtu mwingine," akamwambia. "Na usiharakishe. Mimi nilisoma polepole maisha yangu yote, wanivumilie hiyo mara moja."

Hakuomba jeneza la bei wala suti mpya ya kuzikiwa. Aliomba hilo tu.

Basi mazishi yakafika. Wavinya aliandika wasifu kwa kurasa mbili, akauchapisha mwenyewe, akakaa mstari wa mbele na karatasi zake mapajani zikilowa jasho la mikono. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Kinyanjui, emsii wa mazishi anayejulikana kote kwa tai zake na kwa jinsi anavyowapenda wakubwa. Saa saba kasoro, gari la Mheshimiwa Urbanus Mulei, mwakilishi wa wadi, likaingia shambani likikanyaga mbaazi. Kinyanjui alitazama saa, akatazama gari, na uso wake ukang'aa.

"Kwa sababu ya muda," akasema, "eulogy iko kwa programu. Watu watajisomea nyumbani. Sasa namkaribisha Mheshimiwa, dakika mbili tu."

Kila aliyewahi kwenda mazishini huku kwetu ameyasikia maneno hayo. Na kila mtu anajua kwamba hakuna anayejisomea nyumbani. Programu hukaliwa ili nyasi zisichafue sketi, hugeuzwa kofia jua likiwaka, na kesho yake hufungia mandazi.

Mulei alisema hakuja hapo kwa siasa, lakini. Baada ya hiyo lakini alizungumzia barabara, tangi la maji, mpinzani wake na mke wa mpinzani wake. Marehemu alimtaja mara moja, akamwita Mama Jackie. Mama Jackie ni jirani, na alikuwa amekaa pale pale mbele akiwa mzima kabisa. Mulei alipomaliza, padri alikuwa na mazishi mengine Juja saa tisa na hakutaka kuchelewa. Kanini akashushwa kaburini bila neno moja lake kusomwa, na Wavinya akatupa udongo kwa mkono wa kulia, karatasi zikiwa mkono wa kushoto.

Wiki tatu baadaye mpiga video alimletea kazi yake. Alikuwa ameikata vipande, kila msemaji na chake, na kila kipande kimeandikwa urefu. Wavinya alitafuta kipande cha Mheshimiwa. Dakika arobaini na saba. Akakaa akiiangalia ile namba mpaka mteja wa picha ya pasipoti akachoka kungoja na kwenda zake.

Jumapili hiyo Chai ya Saa Kumi ilifika kama kawaida, lakini mwishoni ilikuwa na sehemu mpya:

"Dakika za Mheshimiwa. Mazishi ya Kanini Nzioki. Mheshimiwa Urbanus Mulei: dakika arobaini na saba. Marehemu: sifuri."

Wasomaji walidhani ni huzuni, wakamtumia pole. Jumapili iliyofuata sehemu ikarudi, na mazishi mawili. Halafu matatu. Wavinya alikuwa na ratiba yote mkononi, si ni yeye anayeichapisha? Jumamosi alifunga duka, akavaa leso nyeusi, akaenda. Alikaa hema la nyuma na saa ya simu, akaianzisha Mulei alipofika kwenye ile lakini yake. Alijiwekea sheria. Sala haihesabiwi, ila Mheshimiwa akimtaja mpinzani wake ndani ya sala. Wimbo hauhesabiwi, ila akiuanzisha yeye. Mara moja aliandika dakika thelathini na moja kwa mazishi ya Witeithie, na mjane mwenyewe akamwandikia kwa ukali: zilikuwa thelathini na nane, hata amina ilikuwa na kampeni ndani yake. Wavinya aliomba radhi na kusahihisha.

Usimwonee huruma wala usimsifu haraka. Alichotaka kilikuwa kimoja na alikijua vizuri: siku moja tu, Urbanus Mulei akae kwenye kiti cha plastiki na maneno ya mtu wake mapajani, aambiwe yako kwa programu. Aliomba hivyo kanisani akiwa amepiga magoti. Hiyo si sala nzuri, naijua, na yeye aliijua.

Ikaenda mwaka mzima. Ile sehemu ya mwisho ikanenepa. Kwanza zilikuwa namba, halafu namba na maneno, halafu uchambuzi wa ahadi za tangi la maji, halafu nani anamuunga mkono nani na kwa nini. Mpangaji wa mazulia akatoweka kwenye barua. Muthokoi ukatoweka. Watu mia tatu walijiondoa, wale wa Doha karibu wote, na mahali pao wakaja mia saba wengine, wanaume wengi, wa kuandika majibu kwa herufi kubwa tupu. Na mazishini watu walianza kufanya jambo ambalo halijapata kuonekana: Mulei akisema lakini, simu ishirini zilitoka mifukoni kwa pamoja, saa zikaanza. Akaanza kutokwa na jasho. Siku moja alimaliza kwa dakika tisa, na waombolezaji wakapiga makofi.

Bridget hakupiga makofi. Bridget ni mwalimu anayeishi Witeithie, rafiki ya Wavinya tangu shule, na ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza kabisa wa barua. Alikuja dukani Ijumaa moja saa za chakula, akavuta kiti.

"Sasa Wavinya. Hii barua siku hizi ni ya nani?"

"Ni yangu. Ulidhani ya nani?"

"Mimi nilikuwa nasoma mambo ya mwaitu, mama yako. Ile ya pakiti ya unga niliwasomea wanafunzi wangu, wakacheka mpaka wengine wakalia. Siku hizi nikifungua ni Mulei, Mulei, Mulei. Hata eulogy yenyewe hujawahi kutuwekea."

"Haikusomwa pale kaburini. Haitasomwa kwa simu mtu akiwa kwa choo."

"Haiya! Sawa. Lakini si wewe ni mtu wa kuhesabu? Umehesabu dakika zake zote. Hebu hesabu zile umempatia wewe."

Wavinya alimwambia atoke dukani kwake. Alisema akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni, na Bridget akachukua mkoba wake akatoka.

Mulei mwenyewe alikuja mwezi uliofuata, amevua miwani ya jua, walinzi wamebaki nje. Alisifu mashine. Alisema ofisi yake ilikuwa inatafuta mtu wa kuchapisha kalenda za wadi nzima, na mtu ni watu.

"Asante Mheshimiwa. Kalenda sifanyi."

"Madam, tuongee kama watu wazima. Nani anakutuma?"

"Kanini ndiye ananituma."

"Kanini wa wapi? Ako na chama gani?"

Wavinya alimtazama. Mtu huyu alikuwa amesoma sehemu yake kila Jumapili kwa miezi, na hakuwahi kurudi nyuma hadi ile ya kwanza. "Hana chama," akasema. "Karibu tena." Siku hiyo alimchukia kuliko siku ya mazishi.

Na sasa sikiliza. Mwezi wa nane mama yake Mulei alifariki. Magdalene, mzee wa miaka themanini na mmoja, mama wa kanisa. Programu hazikuletwa na Mheshimiwa. Zililetwa na Rachael, katibu wa akina mama kanisani, ambao huleta kazi zao zote kwa Wavinya. Picha zilikuwa nne. Wasifu ulikuwa umeandikwa kwa mkono kwenye fulskapu, na mwandiko ulikuwa wa Mulei. Wavinya aliujua kwa sahihi zake za barua za wadi.

Aliusoma akitaka uwe mbaya. Haukuwa mbaya. Mulei aliandika kwamba mama yake alimshonea vifungo vya shati la shule kwa uzi wa katani, na wenzake walipomcheka alimwambia vifungo vyao vitadondoka, vyake havitadondoka. Aliandika kwamba hadi leo hawezi kununua shati bila kuvuta vifungo kwanza. Mahali pamoja alikuwa amefuta maneno mara tatu, na chini yake ameandika tu, "Nitasema mengine nikisimama."

Ingekuwa rahisi kuharibu. Picha ikageuzwa, mwaka ukakosewa, mjukuu mmoja akasahaulika, na familia ikavunjika kwa mambo ya mpangilio wa majina. Wavinya hakukosea hata nukta. Alisoma pruu, ile nakala ya kusahihisha, mara mbili zaidi ya kawaida, kwa sababu alitaka kazi iwe safi kabisa, asije akapewa kisingizio. Kisha Jumamosi akavaa leso nyeusi.

Umati ulikuwa wa kufunika mlima. Kinyanjui ndiye aliyeshika kipaza sauti, na tai mpya. Mulei alikaa mbele, nakala ya ile fulskapu imekunjwa katika mfuko wa koti, kila mara mkono ukienda kuigusa. Ratiba ilisema wasifu saa sita na nusu. Saa sita na dakika ishirini mlio wa chopa ukasikika angani.

Walitua uwanja wa shule jirani, vumbi likafunika mahema, sufuria za akina mama zikajaa mchanga. Wakaingia mkubwa wa chama na waheshimiwa watatu kutoka kaunti nyingine, watu ambao tiketi ya Mulei ya uchaguzi ujao iko mikononi mwao. Kinyanjui alitazama saa. Wavinya, hema la nyuma, alitoa simu.

"Kwa sababu ya muda, na wageni wetu wako na safari, eulogy iko kwa programu. Watu watajisomea nyumbani."

Mulei alisimama nusu. Mkono ulikuwa tayari ndani ya koti. Mkubwa wa chama alimpita akimpiga begani, akachukua kipaza sauti, na Mulei akakaa. Akakaa! Na mkubwa alipofanya mzaha wa kwanza, Mulei alipiga makofi. Wavinya aliona yale makofi, na utamu ulimpanda kooni mpaka akaogopa atacheka kwa sauti kwenye msiba wa watu. Akaanzisha saa. Wa kwanza dakika hamsini na mbili, wa pili ishirini na nane, wa tatu thelathini na tatu, wa nne kumi na tisa. Wote wanne hawakuja kwa siasa, lakini. Mama wa vifungo akashushwa saa kumi kasoro.

Chopa ilipoondoka Mulei alikuja hadi hema la nyuma, peke yake, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Madam Wavinya."

"Pole kwa msiba, Mheshimiwa." Alimaanisha, kwa kiasi.

"Wewe ndio ulichapa. Uliisoma?"

"Yote."

"Ilikuwa sawa?"

Alitaka kudanganya, akashindwa. "Ilikuwa nzuri."

"Basi niwekee kwa hiyo barua yako. Mimi usinitaje, hata jina langu toa. Watu wamjue tu mama." Sauti yake haikuwa ile ya kipaza sauti. "Tafadhali, dada."

Alikuwa ameyangoja maneno haya mwaka mmoja na miezi miwili, na jibu lilikuwa tayari mdomoni tangu ile siku ya mbaazi.

"Iko kwa programu, Mheshimiwa. Watu watajisomea nyumbani."

Mulei alitazama chini, ambapo programu za mama yake zilikuwa zimetapakaa kwenye nyasi, nyingine zimekunjwa kofia, nyingine zina alama ya kisigino. Akainama, akaokota moja, akaipangusa vumbi kwa mkono wa koti. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kanini," akasema polepole. "Huyo Kanini alikuwa mama yako."

"Alikuwa."

Akaenda zake na ile programu moja. Wavinya alitembea hadi barabarani akijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimfikisha Ruiru, ukampeleka kitandani, ukamwamsha Jumapili na kumpeleka kanisani. Hata akaimba.

Saa nane mchana alifungua duka, akashusha mlango nusu, akaketi kuandika barua. Sehemu ya mwisho haikumchukua muda. Aliandika majina manne na dakika zao, kisha, "Mheshimiwa Urbanus Mulei: sifuri. Marehemu Magdalene: sifuri." Akaisoma. Ilikuwa namba bora kuliko zote alizowahi kuandika. Halafu akapanda juu ya ukurasa, mahali pa insha, akakuta hana insha. Akafungua barua ya wiki iliyopita, na ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Zote hazikuwa na insha, miezi mitano nyuma. Bridget alikuwa amesema ukweli, na ukweli wa Bridget haupendezi.

Karatasi mbili zilikuwa kwenye droo, chini ya sampuli za kadi, bado zina doa la jasho lake. Hakuwahi kuzitoa tangu siku ile. Alizitoa, akasimama katikati ya duka kama mtu aliye mbele ya watu, akaweka simu juu ya mashine na kuanzisha saa yake. Akasoma kwa sauti. Hakuharakisha. Pale pa pakiti ya unga alingoja, kama watu wangecheka. Pale pa kalenda ya mwaka uliopita alingoja tena. Alimaliza, akasimamisha saa.

Dakika nne na sekunde kumi.

Alidhani atalia, lakini haikuwa hivyo. Ilikuwa hasira, mpya kabisa, kali kuliko ile ya kwanza, na wepesi wote wa jana ukamtoka. Dakika nne! Mwaka mzima alikuwa amefikiri ananyimwa saa nzima. Kumbe mtu yule angeweza kumpa Kanini dakika zake nne na bado abaki na arobaini na tatu za kumtukana mke wa mpinzani. Angeweza, na hata asingeona pengo. Na yeye Wavinya, binti aliyeombwa kitu kimoja, angeweza kuzichukua Jumapili yoyote ile, na badala yake akampa yule yule.

Aliketi, akauandika wasifu wa mama yake mahali pa insha, wote, bila kubadilisha neno. Chini ya zile namba akaongeza mstari mmoja: "Kanini Nzioki: dakika nne na sekunde kumi. Ndizo tu tulizokuwa tukiomba."

Fulskapu ya Mulei ilikuwa bado mezani, pale Rachael alipoiacha. Wavinya aliitazama, akasoma tena ile habari ya uzi wa katani. Akaiweka katika bahasha ya kurudishia familia, akaifunga kwa gundi.

Saa kumi ilipofika akatuma barua, na katika deni la zile dakika arobaini na saba za siku ya Kanini hakumsamehe Mheshimiwa hata sekunde moja.